Safari ina rukhsa zake, ila si ya kula ovyo

Sharia imemhurumia msafiri. Imemruhusu kupunguza swala za rakaa nne zikawa mbili, kukusanya swala, na kuakhirisha funga ya Ramadhani hadi siku nyingine. Rukhsa hizo ni zawadi kutoka kwa Mwenyezi Mungu (s.w.), nasi huzipokea kwa shukurani. Lakini ipo rukhsa ambayo wengi wetu tumejipa wenyewe: kula chochote kinachopatikana njiani, kwa kiasi chochote, kwa hoja kwamba “niko safarini tu, nikirudi nitajirekebisha.”

Hoja hiyo ingekuwa na uzito kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda kuzika au kuhudhuria harusi. Kwa dereva wa lori na utingo wake, mama anayefuata mzigo Kariakoo kila mwezi, mkaguzi wa hesabu, au mwalimu anayeitwa kwenye semina mkoa baada ya mkoa, safari ndiyo maisha yenyewe. Anayelala nje ya nyumba siku 15 kwa mwezi, nusu ya chakula chake cha mwaka hukila njiani. Mtu huyo hana “nikirudi.”

Ndugu msomaji, hebu tukitazame chakula hicho. Alfajiri ni chai ya sukari na maandazi. Mchana, basi linaposimama kwa dakika chache, ni chipsi mayai na soda. Usiku ni kilima cha wali au ugali na kipande kidogo cha nyama pembeni. Huo ni wanga juu ya wanga. Wanga ukishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari katika damu, na mwili uliokaa kitini saa 12 hauna kazi ya kuitumia sukari hiyo. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko vya chai 9 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya kiasi hicho. Chupa moja tu imekwisha kula sehemu kubwa ya fungu la siku nzima.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, au anayekikaribia bila kujua, mazoea haya hayaumi leo. Huumiza baada ya miaka, katika macho, figo, mishipa ya moyo na nyayo za miguu. Dereva aliyepungukiwa na nuru ya macho hupoteza afya yake na riziki ya watoto wake kwa pamoja.

Muislamu anapoingia katika mgahawa wa ugenini huuliza swali la kwanza: nyama hii imechinjwa na nani? Ni swali la lazima. Aongeze pia kuuliza juu ya mafuta, kisu na jiko la kuchomea, maana ziko sehemu ambako nyama ya nguruwe hupikwa jikoni humo humo. Lakini tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri. Wengi wetu huishia kwenye neno la kwanza. Chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa mara nyingi zaweza kuwa halali, na bado zisiwe chakula kizuri kwa mgonjwa wa kisukari.

Jambo la faraja ni kwamba chakula chenye wanga mdogo hakihitaji hoteli ya kifahari. Kimejaa katika barabara zetu, kinachotakiwa ni kujua kukiagiza. Asubuhi, mahali penye chapati pana supu pia. Bakuli la supu ya mbuzi, kuku au samaki lenye ndimu na pilipili, bila chapati au kwa nusu yake, humshikilia msafiri hadi mchana. Anayepita Singida atapata kuku wa kienyeji, aliyeko Mwanza atapata sato, Kigoma kuna migebuka na dagaa, na Tanga kuna samaki wa baharini wa kuchoma. Penye shaka juu ya uchinjaji, samaki na mayai ya kuchemsha humtoa Muislamu katika shaka hiyo.

Mbele ya mama lishe, maneno machache yanatosha: “Mama, nipunguzie ugali, niongezee mboga.” Hakuna anayekasirishwa na maneno hayo. Mchicha, matembele, bamia, mlenda na kachumbari vijaze nusu ya sahani. Nyama, samaki au maharage vichukue robo, na ugali au wali ubaki katika robo iliyosalia. Maharage yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi nyingi zinazoifanya sukari iingie katika damu polepole, nayo ni nafuu kwa mfuko. Chumvi ya kunyunyiza kwenye nyama choma ipunguzwe, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Kinywaji kiwe maji.

Kwenye semina hali ni ngumu zaidi, kwa sababu chakula kimeshalipiwa na hakina kipimo. Anza na mboga na kitoweo, kisha wanga mwishoni kwa kiasi kidogo. Utaona mwenyewe kwamba tumbo limeshajaa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuacha theluthi ya tumbo kwa maji na theluthi kwa pumzi, na mafundisho hayo hayakubagua mezani kwetu na mezani kwa mwajiri.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika nyumbani usiku wa kuamkia safari. Hapo familia yote ina sehemu. Mayai manne ya kuchemsha, karanga za kukaanga zisizo na sukari, parachichi, matango na karoti zilizooshwa, na chupa kubwa ya maji huingia katika mfuko mmoja. Yai moja lina protini gramu 6 hivi na karibu halina wanga kabisa. Mayai na vitoweo vilivyopikwa viliwe mwanzoni mwa safari, kwani chakula kilichopikwa hakifai kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili. Karanga na parachichi ndizo za kuvumilia njia ndefu. Tende nazo ni sunna na zina baraka, lakini mwenye kisukari akumbuke kwamba tende moja ndogo ina wanga wa gramu 5 au 6. Azihesabu.

Hapa pana tahadhari ambayo haifai kurukwa. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na daktari wake kwanza. Dozi iliyopangwa kwa sahani ya ugali yaweza kuwa kubwa mno kwa sahani ya mboga, na sukari ikashuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Dereva akihisi hivyo asimamishe gari mara moja, anywe maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari, apumzike dakika 15 na kujipima tena. Kwa hiyo aliye katika dawa hizo awe na sukari kidogo mfukoni daima. Hiyo ni dawa, wala haipingani na yote tuliyoyasema. Wajawazito na wenye ugonjwa wa figo nao wapate ushauri kabla ya kubadili mlo.

Tunajua pia siri ya wasafiri wengi: posho. Baba hula chipsi kavu ili abakishe kitu cha ada ya shule, na mama hushinda na andazi ili arudi na viatu vya watoto. Nia hiyo ni njema na Mwenyezi Mungu ndiye mlipaji. Lakini mwili nao ni amana, na watoto wanaohitaji ada wanahitaji pia mzazi mwenye macho na miguu. Mayai na karanga za nyumbani hazizidi bei ya chipsi na soda. Anayefungasha mfuko huo usiku anailinda posho na mwenye kuipokea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarejeshe wasafiri wetu salama, wakiwa na riziki ya halali na afya njema. Wabillahi tawfiq.