Anayekosa Ndiye Aliyefika

Kila Jumatatu, baada ya mechi za wikiendi, mashabiki wa futiboli ya Australia hufanya hesabu moja, na kila wiki huikosea. Huchukua magoli ya mshambuliaji kinda, huyapanga kando ya mapigo aliyokosa, na asilimia ikitoka ndogo hukumu imeshapita: kijana hana shabaha, na straika asiye na shabaha ni mzigo. Awe na miaka 20, awe amevutana na mabeki wanaomzidi kilo na ujanja mechi nzima, haidhuru. Asilimia imesema.

Inasema kidogo sana, na hicho kidogo kinasikilizwa vibaya.

Msomaji aliyelelewa na soka atahitaji maelezo, maana kule hakuna nyavu za kufumania. Uwanja una umbo la yai, kila timu ina watu 18, na kila upande zimesimama nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati, ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi moja ya pembeni, ambayo Waaustralia huiandika ubaoni kama pointi na moyoni kama kosa. Mchezaji akiudaka mpira uliosafiri angalau mita 15 kutoka kwenye mguu wa mtu bila kuguswa, anaruhusiwa kurudi nyuma na kupiga kwa nafasi yake. Mpinzani mmoja husimama pale mpira ulipodakwa, basi. Hakuna kipa, hakuna mtambaa panya, na mpigaji ana sekunde 30.

Hapo ndipo imani hiyo ya Jumatatu ilipoota mizizi. Mtu anakosaje goli lisilo na kipa?

Anakosa, kwanza kabisa, kwa sababu ya jiometria. Penalti ya soka hupigwa kutoka mita 11 kuelekea lango la mita 7.32, kwa hiyo mpigaji analiona lango limefunguka kwa nyuzi kama 37. Nguzo za goli la Kiaustralia zimeachana mita 6.4. Simama mita 40 mbele yake, katikati kabisa, na lango limefunguka kwa nyuzi tisa tu. Sogea pembeni nyuzi 45, umbali uleule, zinabaki kama sita na nusu. Karibu na mstari wa pembeni linakuwa mwanya. Na mabeki wanajua hivyo, ndiyo maana hufanya kila njia kumsukumia mshambuliaji huko. Mpira wenyewe una ncha mbili na hauwekwi chini. Unaachiwa kutoka mkononi ukutane na mguu hewani, na ukiinama kidogo kabla ya kuguswa, safari imeshaharibika. Anayeupiga amekimbia kilomita kadhaa, sasa hivi tu alikuwa amerukiwa mgongoni na mtu wa kilo 100, na pumzi bado haijarudi.

Asilimia haijui lolote kati ya haya. Kwake, pigo la mita 15 usoni pa lango na pigo la mita 50 kutoka pembeni ni kitu kimoja. Wachambuzi wanaolipwa kwa kazi hiyo wameshaachana nayo siku nyingi. Wao hukadiria thamani ya kila pigo kwa kutazama lilipigwa kutoka wapi na kwa namna gani. Shabiki ndiye aliyebaki na mgawanyo wake wa darasa la nne.

Haya, tuchukue hata huo mgawanyo na tuufuate hadi mwisho. Wapo washambuliaji wawili wa kubuni. Wa kwanza hupata nafasi tano kila mechi na hufunga nusu yake. Wa pili hupata tatu na hufunga saba katika kila kumi. Kijiweni, wa pili ndiye mchezaji na wa kwanza ndiye kichekesho. Baada ya mechi kumi, wa kwanza amepiga mara 50: magoli 25 na pointi 25 za pembeni, jumla pointi 175. Wa pili amepiga mara 30: magoli 21 na pointi tisa, jumla 135. Hata tuseme mapigo yote aliyokosa wa kwanza yalitoka nje kabisa na hayakuleta kitu, bado ana 150. Kichekesho kinaongoza.

Kwa haki, hesabu hii ina tundu. Pointi ya pembeni huwapa wapinzani mpira waanzishe upya kutoka golini kwao, na timu nzuri zinaweza kutoka pale hadi kufunga upande wa pili. Goli hurudisha mpira katikati. Kwa hiyo kukosa kuna gharama zaidi ya pointi tano. Nakubali. Lakini mpira ambao haukudakwa kabisa nao huishia mikononi mwa wapinzani, na hakuna anayeuandika kwenye jina la yule ambaye hakuudaka. Hii ndiyo dhuluma ya takwimu hii: inamwadhibu aliyefika na kumsamehe ambaye hakufika.

Lance Franklin wa Hawthorn alikuwa na miaka 21 mwaka 2008. Msimu ule, pamoja na mechi za mtoano, alifunga magoli 113. Wanaokumbuka hayo ni wengi, kwa sababu tangu hapo hakuna mchezaji mwingine aliyefikisha magoli 100 kwa msimu. Wachache wanakumbuka nusu ya pili ya takwimu hiyo: pointi 88 za pembeni. Themanini na nane! Ukimpima kwa kipimo cha Jumatatu, ni asilimia 56, kijana wa kupelekwa mazoezi ya ziada na kuombewa. Alikuwa anapiga kwa mguu wa kushoto, anakimbia kwa kupinda kama anayezunguka kitu kisichoonekana, namna ambayo hakuna kitabu cha ukocha kingeifundisha. Alistaafu na magoli 1,066, mmoja wa watu sita tu katika historia ya ligi kuu waliopita 1,000. Tony Lockett, anayeshika rekodi kwa magoli 1,360, alifunga karibu saba katika kila mapigo kumi, na Franklin hakuwahi kumkaribia kwa shabaha. Sijawahi kusikia mtu akisema Franklin alipoteza kipaji chake.

Wapinzani wangu wakifika hapa hutoa karata moja, na ni karata nzuri. Ni fainali ya mwaka huohuo wa 2008. Geelong walifika lango la Hawthorn mara nyingi zaidi, wakamaliza na magoli 11 na pointi 23 za pembeni, jumla 89. Hawthorn walipata magoli 18 na pointi saba tu, jumla 115, na kombe. Umeona? wanasema. Shabaha ndiyo iliyoamua.

Nimeona, ila nimetazama na ndani ya zile 23. Kumi na moja kati yake hazikupigwa na mshambuliaji yeyote wa Geelong. Ni mabeki wa Hawthorn walioupeleka mpira wenyewe nyuma ya mstari wao, wakakubali kupoteza pointi moja ili wasifungwe sita na wapate mpira wa kuanzisha. Ilikuwa mbinu, na iliudhi kiasi kwamba msimu uliofuata ligi ikaweka adhabu kwa beki anayefanya hivyo makusudi. Mfano mkubwa kuliko yote wa timu iliyopoteza kombe kwa kukosa magoli, basi, karibu nusu yake ni uamuzi wa mabeki. Geelong walikosa, sibishi, tena mapigo ambayo kwa kawaida wangefunga. Ila ule msiba wa shabaha unaosimuliwa kila mwaka si mkubwa kama unavyosimuliwa.

Sasa tumfikie Max King, maana ndiye aliyelipia imani hii kwa bei kubwa kuliko kinda mwingine wa miaka ya karibuni. St Kilda walimchagua wa nne kwenye uteuzi wa wachezaji chipukizi wa mwaka 2018, urefu wake mita mbili na ushei, ingawa mwaka uleule alikuwa amechanika kano ya goti. Walimchagua hata hivyo. Maana yake waliona kitu ambacho hakipimwi kwa asilimia. Agosti 2022, akiwa na miaka 22, timu ikiwa inapigania nafasi ya mtoano, walicheza na Brisbane. King alipata pointi tano za pembeni na hakufunga goli hata moja. Walishindwa. Kwa siku kadhaa nchi nzima ya futiboli ikawa kocha wake: amebadilisha hatua, anaachia mpira juu mno, anawaza sana, hajiamini, si wa mechi kubwa. Alimaliza msimu ule na magoli zaidi ya 50.

Mshambuliaji anayefunga sita katika kila kumi, kiwango ambacho hakuna anayekilalamikia, ana nafasi gani ya kukosa matano mfululizo kwa bahati tu? Sifuri nukta nne ikizidishwa yenyewe mara tano: kama mara moja katika mia. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba msimu wa kawaida wa 2022 ulikuwa na mechi 198, na kila mechi ina warefu kadhaa wanaopiga. Jambo la moja katika mia litampata mtu. Lilimpata yeye, Ijumaa usiku, taifa likitazama.

Mtaniambia mapigo hayajitegemei, kwamba aliyekosa mawili huingia la tatu na mzigo kichwani. Huenda. Basi chukueni msimu mzima. Mpigaji wa asilimia 60 anayepiga mara 80 anatarajiwa kufunga 48, lakini bahati pekee, bila mguu wake kubadilika hata kidogo, inaweza kumpeleka popote kati ya kama 39 na 57. Yaani mtu yuleyule anaweza kuonekana wa asilimia 49 mwaka huu na wa 71 mwakani. Mwaka huu mtamwita mzigo, mwakani mtasema kocha mpya amemponya. Na kocha mpya, akiwa na akili, atanyamaza na kuzipokea sifa.

Lugha ya moyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Hana moyo, hana kifua, anatetemeka. Kinda aliyeruka kinyumenyume kwenye msongamano bila kujua goti la nani linakuja mbavuni, akadaka, huyo ndiye anayeambiwa hana moyo, kwa sababu mpira ulipita sentimita 40 nje ya nguzo. Dawa wanayopendekeza nayo ni ileile siku zote: apige mia kila siku. Mwili wa kijana wa mita mbili haujakomaa. Nyonga, kinena na misuli ya paja huchoka kwa mapigo kabla ya kuchoka kwa mbio, na klabu huhesabu mapigo ya mazoezi kwa sababu hiyo. Matthew Lloyd wa Essendon, mmoja wa wenye shabaha kali wa zama zake, magoli 926, alikuwa akirusha majani hewani kabla ya kila pigo, hata chini ya paa lililofungwa ambako hapakuwa na upepo wa kupima. Alikuwa anapima pumzi yake. Utaratibu kama huo hujengwa kwa misimu, na kila mmoja hujijengea wake.

Kitu kisichojengwa ni kile kinachotangulia pigo: kufika na kudaka. Ukitaka kujua thamani yake, mtazame anayekizuia. Beki Aliir Aliir alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, akafika Australia akiwa mtoto, na mwaka 2021 akiwa na Port Adelaide akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Kazi yake ni kuusoma mpira mrefu kabla haujatua na kuukata kabla ya mshambuliaji. Dhidi ya mtu kama huyo, kudaka hata mara tatu ni usiku mwema. Kinda anayefanya hivyo kila wiki akiwa na miaka 21 ni adimu kama almasi, na klabu zinalijua hilo, ndiyo maana humlipa kabla hajajifunza kufunga. Maswali ya kumuuliza ni mengine kabisa. Amefika mara ngapi kwenye mpira? Amedaka mingapi akiwa na beki mgongoni? Amepiga kutoka wapi? Mwaka jana alipiga mara ngapi, na mwaka huu? Na mwili unamudu?

Swali hilo la mwisho hakuna aliyelipigia kelele Agosti ile, wote wakiwa wameukodolea macho mguu wa King. Kabla ya msimu wa 2023 bega lake lilifanyiwa upasuaji, akakosa miezi ya mwanzo. Mwaka 2024 goti likamkatizia msimu. Mwaka 2025 hakukosa goli hata moja: hakucheza.