Eti Wavu ni wa Warefu

Simamisheni nguzo mbili za mkaratusi mahali penye uwazi, iwe Kayanga au Nyaishozi huku Karagwe, au Nkwenda au Kaisho huku Kyerwa, mfunge wavu, kisha mwone. Bodaboda atazima pikipiki. Mama anayetoka gulioni atashusha mzigo atazame. Na kabla mpira haujarushwa hata mara moja, mtakuwa mmeshaelezwa kwa nini mchezo huo hamtauweza. Wanaosema hivyo si watu wabaya, wengi wao walicheza shuleni na wanakumbuka kidogo. Lakini maneno yao yameondoa watu wengi uwanjani kuliko mvua za masika, na mengi hayana mguu wa kusimamia.

Linalotangulia siku zote ni hili: wavu ni mchezo wa warefu. Chembe ya ukweli imo. Katika mashindano rasmi ukingo wa juu wa wavu huwa mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake, na hapo mwenye kimo cha kawaida hana budi aruke hasa. Ila wavu hufungwa kwa kamba, na kamba hushushwa. Nyuma ya nyumba yenu hakuna mkaguzi atakayekuja na futi. Shusheni mpaka yule mfupi kuliko wote akiruka kidogo kiganja chake kipite juu ya ukingo, na mambo ya vimo yatakuwa yameisha.

Halafu tazameni pointi zinavyopatikana wanaoanza wanapocheza wao kwa wao. Nyingi hazitokani na mtu kupaa na kuchapa. Mpira wa kuanzisha umeishia wavuni, au umetoka nje, au umedondoka katikati ya watu wawili waliobaki wakitazamana, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Urefu hautibu hata moja kati ya hayo. Kinachotibu ni kupaza sauti: “Wangu!” Mtu anayeona haya kupiga kelele atachelewa kujifunza kuliko mtu mfupi.

Mchezo wenyewe umewatengea nafasi wasio na kimo. Mwaka 1998 shirikisho la kimataifa, FIVB, lilimwingiza rasmi mchezaji aitwaye libero. Huvaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu kabisa ya ukingo wa wavu, na kazi yake ni kupokea na kulinda nyuma. Hata kabla ya hapo, voliboli ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Wajapani, timu iliyojengwa juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, na walichojulikana nacho ni namna walivyokuwa wakijitupa chini na kubiringika kuuokoa mpira. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, vuka Mto Kagera. Timu ya Rwanda ya wavu wa kukaa, unaochezwa na watu wenye ulemavu wakiwa wameketi sakafuni, ilifika Paralimpiki ya London mwaka 2012 kwa wanaume, na wanawake wao wakafuata Rio mwaka 2016. Wavu wao uko mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Anayesema mchezo huu ni wa warefu, huo wa ng'ambo aueleze vipi?

Hoja ya pili imewakimbiza wengi zaidi, na mwenye kuitoa huwa na ushahidi mkononi, mkononi kwelikweli: mpira unaumiza, tazama nilivyovimba. Sibishi kwamba ameumia. Nabisha sababu. Mara nyingi mpira uliomwumiza si wa wavu hata kidogo. Ni wa soka, uliochukuliwa kwa vijana wa jirani, ukajazwa upepo mpaka ukigongwa kwa kidole unalia kama debe. Mpira wa soka wa watu wazima una gramu 410 hadi 450. Wa wavu una gramu 260 hadi 280 tu, na upepo wake kwa kanuni haufiki hata nusu ya kilo moja kwa sentimita ya mraba, wakati wa soka huanzia karibu mara mbili ya ule wa wavu. Umempa mtu asiye na uzoefu kitu kizito kupita kiasi na kigumu kupita kiasi, kisha unashangaa mkono umekuwa mwekundu.

Hata mpira ukiwa ndio wenyewe, yako makosa matatu yanayoleta maumivu. La kwanza ni kuupokea kwenye kifundo au kwenye vidole gumba, penye mfupa mtupu, badala ya kwenye nyama ya mkono juu kidogo ya kifundo. Viganja vifumbatane, gumba zilale sambamba zikielekea chini, viwiko vinyooke, na mikono miwili iwe ubao mmoja. La pili ni kuupiga mpira kwa kurusha mikono juu. Mikono haipigi, inauelekeza tu. Inayoupeleka mpira ni miguu, kwa kukunja magoti na kuinuka chini yake. Ukiona mpira unapaa nyuma ya kichwa, ujue umerusha mikono. La tatu ni dogo lakini limeshatoa damu: saa, bangili, pete. Vivuliwe vyote. Kwa siku za mwanzo mkono utawasha na kuwa mwekundu, na hapo ni kupumzika. Mwenye vidole vilivyovimba yeye alikuwa anajaribu kuudaka mpira wa kasi kwa viganja, jambo ambalo mtu anayeanza angeliacha kwanza.

Ipo hatari ambayo wasemaji hawa hawaitaji, na ndiyo ya kweli. Ni kifundo cha mguu. Jeraha la ghafla lililozoeleka kuliko yote katika voliboli ni kuteguka kifundo, na kwa kawaida hutokea karibu na wavu, mtu anaporuka na kutua juu ya mguu wa mwenzake. Kwa hiyo choreni mstari wa kati uonekane vizuri na muuheshimu hata mnapotaniana, na mawe yaokotwe kabla, si baada.

Hapo ndipo linapoingia la tatu: kwetu ni milima, uwanja mtaupata wapi? Swali zuri, kwa kuwa Karagwe na Kyerwa kweli si tambarare, na palipo sawa pameshapandwa migomba au kahawa. Lakini hesabu ya eneo iko upande wetu. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9. Ukiweka mita tatu za nafasi kila upande unapata mita 24 kwa 15. Uwanja wa soka wa kipimo cha kimataifa, mita 105 kwa 68, ungemeza vya namna hiyo karibu ishirini. Na marafiki wanne hawahitaji hata huo mzima. Nusu ya upana inawatosha.

Mteremko una dawa yake. Usiweke timu moja juu na nyingine bondeni, maana wa chini watakuwa wanachezea wavu mrefu kuliko wa wenzao. Mstari wa wavu wenyewe ndio ushuke na mteremko, ili kila timu iwe na upande wa juu na upande wa chini. Zamu za kuzunguka zitampeleka kila mtu kote, na kwa kanuni pande hubadilishwa kila seti ikiisha. Kama pana hiari, urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini, jua la jioni lisimpofushe mtu. Vikigongana, mteremko usikilizwe kwanza. Jua lina saa yake ya kuzama, kilima hakina.

Vifaa navyo vimezungukwa na visingizio. Nguzo ni mikaratusi, na mikaratusi haijatuishia. Mistari huchorwa kwa majivu, au kwa kamba za migomba zilizobanwa kwa vigingi vifupi vilivyozamishwa kabisa ardhini. Mahali pa wavu kamba moja iliyokazwa na kuning'inizwa vipande vya kitambaa vinavyoonekana inatosha kabisa kujifunzia. (Chandarua kiacheni kitandani. Nimeona mtu akikileta.) Masika na vuli udongo mwekundu unateleza, na mvua ikikatika ni bora kusubiri siku moja kuliko kuvunjika. Juni hadi Agosti ni vumbi tu, na vumbi halijamzuia mtu.

Sasa wale wazee wa kanuni. Kila kijiji kinaye mmoja, alicheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, enzi zake, na anakuja na kanuni ambazo zilikuwa sahihi kabisa alipokuwa kidato cha tatu. “Umegusa kwa mguu, kosa!” Si kosa, tangu miaka ya 1990 mpira unaruhusiwa kugusa sehemu yoyote ya mwili, unyayo ukiwemo. “Mpira wa kuanzisha umegusa wavu, kosa!” Nalo liliondolewa zaidi ya miaka ishirini iliyopita: ukigusa ukapita, mchezo unaendelea. “Hamkuanzisha ninyi, pointi si yenu!” Hilo ndilo linaloleta ugomvi zaidi. Ni kweli zamani timu ilipata pointi ikiwa yenyewe ndiyo iliyoanzisha, na seti ikaishia 15. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FIVB ikabadilisha. Kila mpira unaokufa ni pointi ya mmoja, seti huenda mpaka 25 kwa tofauti ya mbili, na ile ya tano, mkifika huko, mpaka 15. Mpira wa kwanza unaopokea kutoka kwa wapinzani ukikugonga mkono kisha kifua kwa tendo moja, hilo pia ni halali. Tena mguso wa kuzuia juu ya wavu hauhesabiwi kati ya miguso mitatu ambayo timu inaruhusiwa. Mzee apewe heshima yake na kiti kivulini. Filimbi asipewe mpaka asome upya.

Lingine ni kwamba kujifunza ni kujifunza kuchapa. Vijana hasa hulishikilia hili, kwa sababu kuchapa ndiko kunakopigiwa makofi. Basi wanapanga foleni, mmoja anarusha, wenzake wanachapa kwa zamu, na jioni inaisha hivyo. Wiki inayofuata wakicheza hasa, hakuna anayechapa, kwa kuwa hakuna mpira unaofika pa kuchapiwa. Kuchapa ni mguso wa tatu, na hauji bila wa kwanza na wa pili. Ningekuwa mimi ndiye napanga, ningeanza bila wavu kabisa: wawili wawili, mita nne kati yao, kupokea na kurudisha mpaka mpira ukae hewani. Kisha watatu, mmoja akisimama katikati kuwainulia wenzake kwa vidole. Kisha wavu wa chini, mchezo wa kudaka na kurusha, ili watu wajue pa kusimama kabla hawajaombwa kuupiga. Kwa hatua hiyo ya kudaka hata mpira wa watoto uliofungwa kwa majani makavu ya migomba unafaa. Kuanzisha nako kuwe kwa kupiga kutoka chini, ngumi au kiganja, na mwenye mkono mwepesi aruhusiwe kusogea mbele ya mstari. Hakuna anayejifunza kupokea kama mpira hauvuki.

Eti mpaka muwe kumi na wawili na mwalimu. Voliboli ya ufukweni huchezwa na wawili kwa wawili, na iko Olimpiki tangu 1996.

Eti ni mchezo wa wasichana, anasema huyu. Eti si wa wasichana kwa sababu ya mavazi, anasema yule, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Kwa wa kwanza, azungumze na majeshi yetu, ambayo timu zao za wanaume ni miongoni mwa nguzo za mchezo huu nchini. Kwa wa pili, Kenya imepeleka timu ya wavu ya wanawake Olimpiki mara nne, Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Na ya mavazi ilishajibiwa Rio mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alipocheza wavu wa ufukweni akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu. Kwenye baridi ya jioni ya Karagwe suruali ndefu ni busara kwa kila mtu. Marafiki wakichanganyika wanaume na wanawake, kaka na dada, wavu uwe wa kipimo cha wanawake au chini yake, basi.

Kuhusu umri, historia inacheka. William Morgan aliubuni mchezo huu mwaka 1895 huko Holyoke, Marekani, kwa ajili ya wafanyabiashara wa makamo waliouona mpira wa kikapu unawachosha mno. Anayejiona amezeeka ndiye aliyekusudiwa.

Na muda je? Shamba, duka, watoto. Karagwe na Kyerwa ziko kwenye mpaka wa magharibi wa nchi lakini zinatumia saa ileile ya pwani, hivyo jua letu huzama takribani nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Mtu akitoka shambani saa kumi na moja, nuru ipo mpaka karibu na saa moja. Mwenzake wa Temeke muda huo yumo gizani, au kwenye foleni.

Limebaki moja ambalo silipingi: mpira wenyewe ni ghali, na ule wa bei ya chini kabisa ngozi yake hubanduka upesi. Hapo hakuna ujanja wa mgomba wala mkaratusi. Mchangeni, mnunue mmoja ulio wa wavu kweli badala ya miwili ya mzaha, na mkubaliane mapema unalala kwa nani, kwa sababu ukilala kwa mwenye watoto kesho utakuta umegeuzwa wa soka. Uwanja ukae mbali na ua wa michongoma. Pampu ya fundi baiskeli inafaa kuujazia, mradi mumsimamie asiujaze kama tairi: ukiubonyeza kwa gumba ubonyee kidogo. Sindano za kujazia nunueni mbili kwa mpigo, maana ya kwanza itapotea.