Udongo mweusi wa Capesterre



Kwa miezi saba hamkuniona katika kikao cha Jumamosi, na ukurasa huu ulishikwa na wenzangu. Nawashukuru. Nilikuwa Guadeloupe, kisiwa cha bahari ya Karibi kinachotawaliwa na Ufaransa. Mkwe wangu anafanya kazi kule, binti yangu alizaa mtoto wa kwanza, na mnajua mambo ya mama: nilifunga mzigo nikaenda kumsaidia.

Wengi mnaniuliza maisha ya kule yako namna gani. Nitawaeleza kidogo, kisha nitafika kwenye jambo lililonifundisha zaidi, maana linatuhusu sisi wenye jembe.

Kwanza, saa. Hapa Bukavu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, kule ni saa sita ya usiku. Mara ngapi niliwaamsha watoto wangu wa huku kwa simu, nikidhani bado ni jioni!

Pili, salamu. Siku ya kwanza niliingia duka la dawa kimya, nikasimama kwenye mstari. Watu waliniangalia vibaya, nikafikiri ni sababu ya ugeni wangu. Binti yangu akacheka: «Mama, huku ukiingia dukani au kwenye basi, unasalimia wote kwa sauti.» Kesho yake nilisema «bonjou» kwa nguvu, na duka zima likanijibu. Kumbe ni kama kwetu! Tangu siku ile sikuwa mgeni tena.

Tatu, maji. Nilifikiri nikifika kwa Wazungu nitaachana na bidoni. Lakini mabomba mengi ya kisiwa yamezeeka na yanavuja, na maji yanakatwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Binti yangu alikuwa akihangaika na nepi za mtoto. Mimi nilipanga bidoni zangu jikoni, nikajaza usiku, nikaona kwamba ujuzi wa mama wa Kivu una faida popote.

Sasa nifike kwenye udongo.

Tulikaa Capesterre-Belle-Eau, upande wa mashamba ya ndizi, chini ya mlima wa moto unaoitwa Soufrière. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi, yenye unyevu, jembe linaingia bila kulazimisha. Chakula dukani ni bei kali sana, kwa sababu kingi kinakuja na meli. Nikasema moyoni: nitapanda viazi vitamu, mihogo, lenga-lenga, na kuku watatu wa kumpa mzazi mayai. Wajua wenyeji wanakula muhogo, wanatengeneza unga na mikate yake, lakini pale mtaani hakuna aliyejua sombe! Nilitaka kuwafundisha.

Nilikuwa nimeshalima mistari miwili, jirani akaniita kutoka kwenye uzio. Ni mama mzee, amefanya kazi ya ndizi tangu usichana. Akaniuliza: «Mama, mmepima udongo?»

Nilicheka. Kwetu udongo unapimwa kwa macho na kwa mkono. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1993, mashamba ya ndizi ya Guadeloupe na ya kisiwa jirani cha Martinique yalitiwa dawa inayoitwa klorodekoni, ya kuua fukusi anayetoboa mgomba chini kwenye shina. Wafanyakazi walimwaga unga wake kwa mkono, mgomba kwa mgomba. Marekani, kiwanda kilichokuwa kikiutengeneza kilifungwa mwaka 1975 baada ya wafanyakazi kuugua. Ufaransa yenyewe iliiondolea dawa hiyo ruhusa mwaka 1990, lakini visiwani iliendelea miaka mitatu mingine. Na dawa hiyo haiozi upesi. Migomba ya wakati ule imekwisha kung'olewa, lakini sumu bado imo ardhini, na itabaki kwa vizazi vingi.

Mume wa mama huyu alikufa kwa kansa ya tezi ya kiume. Mwaka 2021 serikali ya Ufaransa ilikubali kwamba kansa hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kazi kwa walioshika dawa za mashamba. «Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa,» akaniambia. Kisha akauliza mtoto wetu ana wiki ngapi.

Nilirudisha jembe ndani.

Kule kuna huduma ya kupima udongo wa bustani za nyumbani bila malipo. Tuliomba, tukangoja, jibu likaja: udongo wetu mzuri ulikuwa na sumu. Walitufundisha kwamba inaingia zaidi katika vinavyokua ndani ya ardhi: viazi vitamu, magimbi, mihogo, karoti. Kuku wanaodonoa chini wanaipitisha kwenye mayai. Lakini nyanya, bilinganya, maharagi, dongodongo na matunda ya juu ya mti, hata ndizi yenyewe, havina shida hiyo.

Basi nikapanda dongodongo na nyanya. Lenga-lenga niliipanda kwenye ndoo zilizotoboka, kwa udongo wa kununua. Kuku niliwaacha. Viazi tulinunua kwa muuzaji ambaye shamba lake limepimwa, na ganda tulilikata nene. Jirani akatuletea tunda la mkate, kubwa na la kijani, linachemshwa kama viazi. Mimi nikampikia dongodongo yetu na fufu. Akanieleza kwamba baada ya utumwa kufutwa mwaka 1848, watu wa Kongo waliletwa kufanya kazi ya miwa, na familia nyingine za Capesterre bado zinakumbuka asili hiyo. Akaniita «dada» tangu siku ile.

Wamama, nimerudi, na juzi nimeona kwenye kikundi chetu cha kabichi chupa ya dawa isiyo na maandishi, imepimwa kwa kifuniko cha soda, mtoto amekaa pembeni. Sikusema kitu siku ile, nasema leo. Tusinunue dawa isiyo na jina. Tumuulize muuzaji: inaitwaje, ni ya mdudu gani, tungoje siku ngapi kabla ya kuvuna? Asiyejua kujibu, tusimpe pesa yetu. Chupa tupu isigeuzwe ya mafuta wala ya maji. Na mwenye mimba au anayenyonyesha asipulizie.

Mama wa Capesterre hakuulizwa kitu na hakuambiwa kitu. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza. Jumamosi kila mmoja alete jina la dawa anayotumia shambani, tuanze na hiyo.