Mkutubi Kizimbani: Utetezi Usiotetea

Kifungu cha 2 cha Sheria ya Ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2006 kinalihesabu tendo la kuazimisha chapisho la kigaidi kuwa ni usambazaji, sawa na kuliuza au kuligawa. Adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 7. Mwaka 2019 ilipandishwa hadi miaka 15. Wanaoiunga mkono sheria hiyo hushikilia kwamba mkutubi hana la kuhofia kwa kuwa amewekewa utetezi. Dai hilo halina mashiko.

Utetezi wenyewe unamtaka mshtakiwa aonyeshe kwamba maneno ya uchochezi si maoni yake wala hakuyaunga mkono, na kwamba jambo hilo lilikuwa wazi katika mazingira yote ya tendo lake. Hapa mkutubi anaulizwa anaamini nini, ilhali kazi yake haimdai aviamini vitabu anavyovitunza. Rafu moja hubeba Kurani, Biblia na maandishi ya Marx bila ya mtunzaji kuulizwa yeye ni muumini wa kipi. Isitoshe, utetezi huo unahusu maneno ya kuchochea tu. Chapisho likishtakiwa kwa kuwa lina manufaa kwa gaidi, utetezi huo haumfikii. Hubaki kutegemea upande wa mashtaka ushindwe kuthibitisha nia au kutojali kwake.

Zaidi ya hayo, utetezi husikilizwa baada ya mtu kukamatwa. Mei 2008, mwanafunzi wa uzamili na mfanyakazi mmoja wa Chuo Kikuu cha Nottingham walizuiliwa siku 6 kwa sababu ya mwongozo wa al-Qaida uliohitajika kwa utafiti, mwongozo uliopatikana katika tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote la ugaidi. Mkutubi mwenye kukijua kisa hicho hatangoja hakimu. Ataacha kukiagiza kitabu. Udhibiti wa namna hiyo hauna hati wala rufaa.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliutaja utafiti wa kitaaluma na uandishi wa habari kuwa sababu za kuridhisha za kumiliki maandishi yanayoweza kumfaa gaidi. Mkutubi hakutajwa. Msomaji amekingwa, anayemtunzia cha kusoma ameachwa nje.

Nchini Kenya, Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa *Kenya: Twendapi?* Kosa lake liliitwa uchochezi, si ugaidi. Hata hivyo, mhakiki wa *Sauti ya Dhiki* (1973) hawezi kuupuuza waraka huo. Kilichokuwa ushahidi wa mashtaka kimekuwa chimbuko la uhakiki.

Naam, dola ina wajibu wa kulinda uhai, na anayesambaza maandishi kwa nia ya kuua astahili kushtakiwa. Basi nia hiyo na ithibitishwe na dola. Kuazimisha kitabu katika shughuli za kawaida za maktaba kusihesabiwe kuwa kosa hata kidogo, kwani anayelazimika kujitetea kwa kufanya kazi yake amekwisha kuadhibiwa.