KIZIBO SI KIPIMO, DADA!

Wale mnaosubiri kusikia nani kamwacha nani, wiki hii mtanivumilia. Nina habari ya ndoo na mwiko, na msidharau, maana ndani yake kuna mshiko wa watu.

Mmeona jinsi sabuni ya maji ilivyouvamia mji? Kila mtaa una mtu anayekoroga. Binti kamaliza Fomu Foo, anakoroga. Jamaa kapunguzwa kazini, anakoroga. Kina mama wamepata mkopo wa halmashauri, wanakoroga. Na wala si vibaya! Mtaji wake hautishi, na soko lipo, kwa sababu vyombo vichafu haviishi duniani.

Tatizo ni moja tu: vipimo.

Nimezunguka Kibaha na Kisarawe kuwaangalia wakorogaji wakiwa kazini. Kibaha, jirani na Maili Moja, nilimkuta dada mmoja kavaa kanga mbili, jasho linamtoka, ndoo mbele yake. Nikamuuliza magadi soda anaweka kiasi gani.

"Vikombe viwili kwa kilo mbili za salfoniki, kaka."

"Kikombe kipi?"

"Si hicho hapo. Cha zamani kilivunjika, nikanunua kingine."

"Vinalingana?"

Akacheka. "Hiki kikubwa kidogo."

Kisarawe nako nilimwamkia mama mmoja, akaitikia vizuri na kunipa kigoda. Yeye salfoniki anapima kwa chupa ya soda, pafyumu kwa vizibo, chumvi "kwa kuangalia macho." Nikamuuliza chupa ya soda ipi, maana kuna za mililita 300, za 350 na za nusu lita. "Mwanangu, chupa ya soda ni chupa ya soda!"

Cha ajabu, hawa wawili hawajuani, lakini kilio chao kimoja. Wiki hii sabuni nzito kama uji wa mgonjwa, wiki ijayo nyepesi kama maji ya kunawa. Kisha siku moja mteja anarudi, viganja vimebabuka, na mtaa mzima unapata habari kabla ya jua kuzama. Hapo biashara inakufa, lakini deni la mkopo linabaki palepale.

Sasa tuelezane, taratibu.

Salfoniki ni asidi, tena kali. Magadi soda kazi yake ni kuituliza. Kilo moja ya salfoniki ile nzuri inataka kama gramu 160 hadi 170 za magadi soda ya kiwandani. Ukipunguza, asidi inabaki na kuwasha mikono ya mteja. Ukizidisha, magadi yanabaki na kukausha ngozi mpaka inapasuka. Huku moto, kule moto.

Mtu atasema, "Basi kikombe changu nimekizoea, kinanitosha." Hakitoshi, ndugu yangu! Dukani kuna magadi soda ya unga mwepesi na kuna ya punje nzito. Kwa macho ni jamaa wa baba mmoja, lakini ile nzito kwa kikombe kilekile inakaribia mara mbili ya uzito wa ile nyepesi.

Tupige hesabu ya dada wa Kibaha, tuseme kikombe chake ni cha robo lita. Kwa kilo mbili za salfoniki anahitaji kama gramu 330. Akipata magadi mepesi, vikombe vyake viwili vinampa kama gramu 260: pungufu. Akipata mazito, vinampa zaidi ya gramu 500: amezidisha ile mbaya. Mkono uleule, kikombe kilekile, sabuni mbili tofauti. Halafu anadhani kuna mtu kamfanyia mambo!

Na kuna wajanja ambao magadi yakikosekana wanatia kostiki kwa kipimo kilekile. Jamani! Kostiki ina nguvu zaidi. Ukiiweka gramu kwa gramu badala ya magadi soda, umezidisha kwa karibu theluthi nzima. Hiyo sasa si sabuni, ni kesi.

Kwa hiyo dawa ni nini? MIZANI. Ile ndogo ya jikoni ya kielektroniki, inayosoma gramu moja moja mpaka kilo tano. Wanayo Kariakoo, pale pale mnakofuata malighafi. Weka beseni juu, bonyeza kitufe irudi sifuri, mimina mpaka namba unayoitaka. Na kila kitu kipimwe kwa uzito, hata vya majimaji. Lita moja ya salfoniki ina uzito wa kilo moja na ushee, kwa hiyo anayesema "lita" na anayesema "kilo" hawasemi kitu kimoja. Slesi ndiyo kabisa, inanata kama ulimbo. Ukiipima kwa kopo, sehemu ya hela yako inabaki kwenye kopo. Mimina moja kwa moja kwenye beseni lililo juu ya mizani, mchezo umekwisha.

Hata huko Ulaya na Marekani, vijana wanaojichanganyia nyumbani maji ya zile sigara za umeme, wengi wamehamia kwenye mizani na kuacha kupima kila kitu kwa bomba la sindano. Wao wanacheza na nikotini, ambayo ikizidi ni sumu. Mimi sisemi mkavute. Nasema hata kwenye starehe watu wanapima kwa gramu, sembuse wewe uliyeweka hapo ada ya mtoto?

Vitu vidogo kama rangi vina ujanja wake. Mizani ya jikoni haiaminiki kwenye gramu moja au mbili. Basi pima gramu 10 za rangi, yeyusha kwenye maji ujaze mpaka lita moja. Ukitaka gramu moja, chota mililita 100. Kwisha kazi.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo inawatoa watu machozi. Chumvi inaifanya sabuni iwe nzito, lakini ina kilele chake. Ukifika kileleni ukaendelea kutia, sabuni inageuka na kuwa maji tena, na kuongeza chumvi nyingine hakuirudishi, kunaizamisha zaidi. Ndiyo maana anayetia kwa macho hujikuta anaongeza na kuongeza huku mambo yanaharibika. Yeyusha chumvi yako kwenye maji kwanza, tia kidogo kidogo, koroga, subiri, angalia. Ukishaipata sehemu yake, pima ile iliyobaki ujue umetumia gramu ngapi, uandike.

Na maji nayo yana maneno. Anayetumia maji ya bomba la Ruvu na anayetumia kisima chenye chumvi hawawezi kutumia kipimo kimoja cha chumvi, kwa sababu huyu wa kisima ameshaanza kuitia bila kujua. Kwa hiyo usiinakili daftari la shoga yako wa Kibaha ukalipeleka Kisarawe kama lilivyo. Jaribu kwanza kwenye ndoo ndogo.

Nimesema daftari? Naam, daftari! Tarehe, uzito wa kila kitu, umenunua duka gani, maji ya wapi, matokeo. Mteja harudi kwa sababu sabuni ya juzi ilikuwa bomba. Anarudi kwa sababu ya leo ni ileile ya juzi.

Kabla ya kufungasha, chovya ile karatasi ya kupimia asidi. Ikisoma saba au nane, poa. Ikienda mbali na hapo, rudi kwenye ndoo, usirudi kwa mteja.

Na usalama jamani. Vaa glavu, koroga nje penye hewa. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Magadi yakikutana na salfoniki povu linapanda, kwa hiyo chagua ndoo kubwa na mimina polepole. Fomalini wanayoitia wengi ili sabuni isioze, mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza kemikali yake kuwa inasababisha saratani. Hiyo siyo ya kutia "vizibo viwili vitatu". Waulizeni wataalamu wa SIDO, shirika lililopo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama ninyi, wawape njia iliyo salama zaidi. Wakiwapa barua ya utambulisho, hata mlango wa TBS unagongeka.

Halafu chupa. Sabuni ya rangi ya chungwa ndani ya chupa ya juisi ni mtego kwa mtoto. Mtoto hasomi lebo, anaona juisi. Tafuta chupa isiyofanana na ya kinywaji, weka lebo kubwa, iandike ujazo wa kweli.

Kinachonishangaza ni kwamba Kibaha hiyohiyo, pale Misugusugu, Wakala wa Vipimo wana kituo chao. Malori ya mafuta yanaingia, matenki yanahakikiwa ili lita ya muuzaji iwe lita ya mnunuzi. Serikali imeona kizibo hakitoshi kwa mafuta. Kwa nini kitoshe kwa sabuni inayoshika mikono ya mama yako kila siku?

Msije mkaniambia wazee wetu hawakuwa na mizani na waliishi. Wazee walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na soko zima lilikubaliana. Hakuna aliyekuja na kikombe kipya kwa sababu cha zamani kimevunjika. Na wao walipima mchele. Kibaba kikipungua, mtu analala na njaa kidogo. Magadi yakikosewa, mtu anaamka na vidonda.

Kwa hiyo wakorogaji wangu, mkopo ukitoka kitu cha kwanza kununua ni mizani, cha pili ni daftari. Kitambaa cha sare za kikundi kitasubiri.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ndiyo, yale ya nani kamwacha nani nitayaleta, msinune!