Kabureta inavuja? Usiipake sabuni, ifungue

Kijana mwenzangu, ukiamka ukute petroli imedondoka chini ya nduthi yako kuukuu, usiseme “ni kawaida yake”. Pikipiki kuzeeka si sababu ya kuvuja.

Ndani ya kabureta kuna boya na sindano. Bakuli likijaa, boya huinuka na sindano huziba njia ya mafuta. Uchafu ukikwama hapo, sindano ikilika au boya likitoboka, petroli haikomi. Itamwagika nje, au hata iingie kwenye injini na kuharibu oili.

Sasa sabuni ya nini? Haifiki kwenye sindano. Wala usikimbilie kununua kabureta mpya eti kwa sababu fundi kasema. Funga koki, mwambie aifungue mbele yako, aisafishe, akuonyeshe kilicholika. Mara nyingi ni sindano au gasketi tu.

Na kubwa zaidi: wengi wetu hulaza pikipiki ndani ya keja kwa kuhofia wezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Mwizi ataondoka na pikipiki pekee. Moto hauchagui. Itengeneze kwanza, ndipo uilaze ndani.