Barua ya udahili haina kitanda

KAULI YA ALHAMISI
Na Mwanaidi Chande

Ikifika Agosti, makundi ya WhatsApp ya familia zetu hugeuka kamati. Kijana amepata chuo Ujerumani. Barua ya udahili imepigwa picha na kuzungushwa hadi kwa ndugu waliokwisha kusahaulika, shangazi aliyeko Muscat ameahidi nusu ya tiketi, mjomba kabeba jukumu la koti la baridi, na mama mtu ameshaanza kufunga dagaa na unga. Swali moja tu huwa halipati mwenyewe: huyu mtoto atalala wapi? Akitokea mzee wa kuliuliza, hutulizwa upesi: “Chuo kitampa.”

Chuo hakitampa. Kule chuo kikuu kinatoa masomo. Kitanda si kazi yake. Mabweni mengi ya wanafunzi yako chini ya taasisi nyingine ya umma, Studierendenwerk, ambayo ndiyo pia huendesha migahawa ya wanafunzi. Kuomba udahili na kuomba chumba ni safari mbili, zenye fomu mbili na foleni mbili, na foleni ya pili ndiyo ndefu. Kwa nchi nzima, vitanda vya taasisi hizo vinamtosha takribani mwanafunzi mmoja kati ya kumi. Wengi wa waliobaki wanaingia sokoni kugombea vyumba na wafanyakazi, wastaafu na familia changa.

Tuutazame mji wa München, maana huko ndiko mambo yalikoiva. Vyuo vyake vikubwa viwili, LMU na TUM, kila kimoja kina wanafunzi zaidi ya 50,000, na hapo hujahesabu vidogo. Foleni ya bweni huhesabiwa kwa semesta. Kuna vijumba vya Olympiadorf, vilivyojengwa kwa ajili ya wanamichezo wanawake wa Olimpiki ya 1972 kisha vikaachiwa wanafunzi; baadaye vilibomolewa na kujengwa upya, vikawa vingi zaidi na vyembamba zaidi, na wakazi wake huvichora kuta wanavyotaka. Kuna pia Studentenstadt, kaskazini mwa mji kwenye njia ya treni ya U6, kijiji cha wanafunzi kinachohesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote Ujerumani, chenye nafasi kama 2,500. Februari 2021 moto ulizuka katika jengo mojawapo na kuua mwanafunzi. Ukaguzi ukafichua kasoro za usalama, majengo yakafungwa, na kwa miaka vyumba zaidi ya 1,000 vikakaa vitupu katika mji ambao watu wanabandika matangazo ya kutafuta chumba kwenye nguzo za taa. Anayedhani majengo ya umma huozea Afrika tu, ashuke kituo cha Studentenstadt aangalie juu.

Fedha nazo zina hesabu yake. Mwanafunzi wa kutoka kwetu asiye na ufadhili kwa kawaida hutakiwa kuwa na euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa ndipo apewe viza, na akifika hufunguliwa euro 992 tu kila mwezi. Chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana mjini München siku hizi kinakaribia euro 800. Bima ya afya inakula sehemu kubwa ya kinachobaki, na chakula kinasubiri zamu. Wenyeji wenyewe wanalia: BAföG, posho ya serikali kwa wanafunzi ambao wazazi wao hawana uwezo, inatenga euro 380 za pango, uwe unaishi München au mji mdogo wa mashariki ambako fedha hiyo inatosha.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaolizungumza jambo hili kana kwamba ni la euro tu. Dar es Salaam, ukiwa na kodi ya miezi sita mkononi na dalali anayeijua Sinza, jioni unalala kwako. Hakuna anayekuuliza fedha ulizipata wapi. München noti hazina sauti hiyo. Sheria inamkataza mwenye nyumba kuchukua amana inayozidi kodi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Kwa mkataba wa kawaida usio na ukomo, mwenye nyumba hawezi kukutoa eti amepata mtu wa dau kubwa. Lazima awe na sababu inayokubalika, kama vile kuihitaji nyumba kwa matumizi yake mwenyewe, tena kwa notisi ya miezi. Hata kupandisha kodi kuna kikomo: katika miji yenye uhaba kama huo, ni asilimia 15 kwa miaka mitatu.

Ni sheria nzuri, na mpangaji wa Mbagala angeipokea kwa vigelegele. Lakini ni sheria ya aliyekwisha kuingia. Kwa kuwa kumtoa mpangaji ni kazi, mwenye nyumba humchuja akiwa bado nje. Anataka ripoti ya Schufa, kampuni inayotunza rekodi za madeni ya watu. Anataka hati za mishahara ya miezi mitatu. Ukiwa mwanafunzi, anataka mzazi akudhamini, mwenye kipato anachoweza kukifuatilia hapo Ujerumani. Kijana aliyetua juzi hadaiwi na mtu, ila hana pa kulionyesha hilo. Baba yake ana shamba la kahawa Mbozi na duka la vifaa vya ujenzi Vwawa. Kwa karatasi za München, baba huyo hayupo.

Kisha kuna mzunguko unaowatoa jasho wengi. Anayehamia mahali hutakiwa kujiandikisha ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na hati iliyosainiwa na aliyempa makazi. Namba ya kodi ya mapato, ambayo mwajiri ataiulizia, hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyoandikishwa. Kibali cha ukaazi nacho kinataka anwani. Ndiyo maana kulala kwenye kochi la Mtanzania mwenzako kunakupa usingizi tu, iwapo mwenyeji wako hawezi kukusainia hati kwa kuwa mkataba wake haumruhusu kuongeza mtu. Na hata ukisainiwa, tarishi wa kule hatafuti namba ya chumba: anasoma majina kwenye visanduku vya barua mlangoni. Mpangaji wa muda asiyebandika jina lake pale, hata kwa kipande cha karatasi na selotepu, barua yake ya serikali hurudi ilikotoka, naye amekaa juu anaisubiri.

Njia ya wengi ni WG, yaani nyumba moja wanayopanga vijana kadhaa, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote. Chumba kikibaki wazi, mara nyingi wanaochagua mrithi ni wale waliobaki, na huchagua kwa usaili. Niliwahi kumsindikiza binti wa rafiki yangu kwenye usaili kama huo. Viatu tuliviacha mlangoni. Jokofu lilikuwa limegawanywa rafu kwa rafu, kila rafu na jina la mtu. Ukutani palibandikwa zamu za usafi: nani anasugua bafu, nani anarudisha chupa tupu dukani. Vijana watatu wakamimina chai ya mitishamba na kuanza: unapenda kupika? Unaamka saa ngapi? Ukikasirika huwa unafanyaje? Binti, aliyelelewa Tanga akaleleka, akajibu kwa adabu na kwa ufupi. Napika. Saa kumi na moja. Sikasiriki. Hakujisifu, hakuuliza kitu. Nyumbani kwetu angetoka pale na ufunguo, pengine na mchumba. Wale waliona mtu asiyetaka kujulikana, na kesho yake wakamwandikia kwa upole kwamba wamempa mwingine. Katika jiko lililofuata alifunguka: akaisimulia biriani yake, akauliza gitaa la kwenye korido ni la nani, akaeleza bila kuzunguka kwamba anaamka kuswali alfajiri na hatamwamsha mtu. Wakacheka, wakampa chumba.

Si kila mtu anafika jikoni. Mgeni ni kuku mweupe, na wengine huonekana weupe hata kabla ya kuonekana, kwa jina tu. Mwaka 2017 waandishi wa redio ya Bavaria, Bayerischer Rundfunk, na wa jarida la Der Spiegel walituma maombi ya nyumba kama 20,000 katika miji mikubwa kumi ya Ujerumani, yakiwa yameandikwa kwa ustadi uleule ila kwa majina tofauti. Wenye majina ya Kijerumani waliitwa kuangalia nyumba mara nyingi zaidi kuliko wenye majina ya Kituruki na Kiarabu, na München ilikuwa miongoni mwa miji iliyofanya vibaya zaidi. Sheria ya kupinga ubaguzi ipo tangu 2006, lakini ni nani atathibitisha kwa nini barua pepe haikujibiwa? Juma na Mwajuma wetu walijue hili mapema, wasije wakadhani ukimya ule umesababishwa na Kijerumani chao kibovu.

Penye uhaba hapakosi matapeli, na wa huko wana wimbo mmoja. Chumba ni kizuri, bei ni nusu ya soko, mwenye nyumba yuko kikazi nchi nyingine, tuma amana utaletewa ufunguo kwa kampuni ya vifurushi. Tapeli anaweza hata kukutumia picha ya pasipoti, ambayo ni ya mtu aliyetapeliwa kabla yako. Fedha isitoke kabla ya mtu unayemwamini kufika kwenye nyumba hiyo na kufungua mlango. Na akijitokeza wa kudai ada ya udalali, ikumbukwe kuwa tangu 2015 sheria ya kule inasema dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na aliyemwagiza, na kwa kawaida huyo ni mwenye nyumba.

Basi tufanyeje? Kwanza, fomu ya bweni ijazwe mapema kadiri Studierendenwerk ya mji husika inavyoruhusu, bila kungoja sherehe. Masomo ya muhula wa baridi huanza Oktoba. Anayeanza kutafuta Septemba anatafuta pamoja na Ujerumani nzima. Pili, chumba cha muda kisidharauliwe. Wanafunzi wa kule wanapokwenda mafunzo kazini au kusoma nchi nyingine hupangisha vyumba vyao kwa miezi kadhaa, na ukiwa na hati ya makazi iliyosainiwa, miezi hiyo inakupa anwani ya kutafutia cha kudumu. Tatu, wazazi waondoe kiburi cha kutaka mtoto akae katikati ya mji. Garching, ambako TUM ina kampasi kubwa, ipo kwenye reli ileile ya U6, na Augsburg haiko mbali kwa treni.

Tena kuna mlango ambao vijana wetu wangeupita kwa urahisi kuliko wengi: makazi kwa msaada. Mzee mwenye nafasi nyumbani humpa mwanafunzi chumba, na badala ya kodi mwanafunzi humsaidia saa moja kwa mwezi kwa kila mita ya mraba ya chumba hicho. Chumba cha mita 15, saa 15 kwa mwezi. Juu yake unachangia maji, umeme na joto. Kuuguza hakumo. Unakwenda dukani, unakata majani ya bustani, unamwelekeza bibi kwenye simu yake mpya. Mpango huu upo München na katika miji mingine mingi ya vyuo. Mjukuu aliyekulia kwa bibi yake Moshi au Kilifi anaijua kazi hii, na jioni anaongezewa mazoezi ya Kijerumani bila ada.

Lakini neno langu kubwa ni kwa waliokwisha kuingia. Kama sheria ya kule inamlinda aliye ndani, basi wenye nguvu ni ninyi mlio ndani, ninyi wanafunzi na wahitimu wenye kuzungumza Kiswahili mlio München, Hamburg, Leipzig na Bayreuth. Kila mwaka baadhi yenu mnahama vyumba vya WG, na nauona uzembe mmoja unaojirudia: tangazo la kuuza baiskeli na sufuria mnaliweka kwenye kundi la Watanzania au Wakenya, chumba mnakiacha kiende kwa yeyote. Jina la mgeni wetu likitajwa na mtu ambaye wenzake wamekula naye miaka miwili, halisomwi tena kama jina geni. Vyama vyetu vya huko, vinavyokutana kwa nyama choma na sikukuu za uhuru, viwe na orodha ya vyumba vinavyoachwa, na mtu wa kwenda kukagua mlango kabla mzazi wa Vwawa hajatuma amana.

Na wafadhili, wa serikali na wa binafsi, wanaolipa ada na tiketi kisha wakapiga picha ya kuagana uwanja wa ndege, waongeze mstari mmoja kwenye fomu zao: anwani ya mahali mwanafunzi atakapolala mwezi wa kwanza, na jina la aliyeithibitisha. Mstari huo ukiwa mtupu, fedha ya kwanza wanayotoa iende kwenye chumba, tiketi ifuate.